Sauti ya Masanja Shambani kwa Shija

Jumatatu, 28 Aprili
Wewe bibi, mwezi mzima hujafungua daftari hili. Ulikuwa wapi? Kalamu ipo, macho unayo. Uvivu tu. Umefundishwa kuandika kwenye kisomo cha kanisani, mvi kichwani, sasa unataka kubembelezwa.
Haya, nimejigombeza vya kutosha. Nimepura choroko. Mgongo unauma.
Deki bado mbovu. Tangu Krismasi sijamsikia Masanja. Mwanangu yuko kaburini mwaka wa kumi na mbili, lakini sauti imo kwenye mikanda mitatu ya video, kila mmoja sehemu moja. Kwenye kibanda cha video pale Nyalikungu alitafsiri kwa Kisukuma, wakimrekodi, mchezo wa zamani wa televisheni, wa watu wanaosafiri kwenye nyota. Nahodha alimwita mwanangwa, kama wakuu wetu wa vijiji wa zamani. Viumbe wabaya, alisema, wametoka mbali kupita hata Mwandoya. Watu walicheka mpaka benchi likaanguka.
Minza, dada yake, alikuwa hapa jana; ameahidi kurudi na fundi.

Jumatano, 30 Aprili
Minza kafika kutoka Bariadi. Fundi hakuna. Kaleta boksi linang'aa.
"Mayu, mama yangu, mchezo wa Masanja umetolewa upya! Sehemu zote, kwenye diski. Picha haina hata chenga."
Kaweka kwenye mashine ndogo aliyokuja nayo. Kweli, picha safi. Wazungu wanaongea Kizungu.
"Masanja yuko wapi?"
Akainamia boksi lake. Hapo nikajua. Mikanda? Jumapili nikiwa kanisani alimpa Shija, jirani, azungushie utepe wake kwenye mpunga kufukuza ndege. Aliona ya nini tena, na mpya inakuja.
Nimemtukana matusi yote ninayoyajua. Kisha nikampikia ugali, maana hakuwa amekula tangu asubuhi.

Alhamisi, 1 Mei
Shambani kwa Shija. Mwanangu amefungwa kutoka mti hadi mti, shamba zima. Anang'aa juani. Upepo ukipita anavuma.
"Mwangaluka, mayu," Shija akaniamkia kwa furaha. "Tangu nifunge, ndege hata mmoja hajatua!"
Nikamwambia ni nini kile. Akavua kofia. Akaanza kukata mwenyewe, anakunjia kwenye kijiti, polepole. Mpunga wake umeshika punje. Mkewe akabaki anagonga debe na kupiga kelele. Ndege walishuka kabla hatujaondoka.
Nimebeba kijiti ndani ya khanga. Kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 3 Mei
Fundi wa Maswa mjini ana deki nzima. Ameunga, amefuta, ameunga tena. Jua limeula utepe. Mikanda miwili haina kitu, mvumo tu.
Wa tatu, wenye sehemu ya kwanza, ukatoa kikohozi.
Cha kwake. Kile cha kifua, kilichomwondoa. Kisha akasema, "Mwanangwa..." na utepe ukakatika.
"Rudisha," nikasema.
"Bibi, hapo hakuna cha kurudisha."
Minza alilia nje, kwenye ngazi. Sikumshika. Njia nzima nilimchukia mwanangu niliyebaki naye. Naandika ili nisijidanganye.

Jumapili, 11 Mei
Jana nilimrudishia Shija utepe. Kaanza kuufunga bila kuniangalia usoni. Ndege wamekula pembe nzima ya shamba.
Leo Minza amekuja. Nikamwambia aweke diski, azime sauti. Nahodha akafungua mdomo, nikasema mimi, kwa Kisukuma, maneno ya Masanja. Sehemu ya kwanza ninayo yote kichwani. Ya pili nikakwama, pale mlango wa chombo unapofunguka. Minza akasema. Kwa sauti nzito ya kaka yake, na madaha yake. Nikamshika mkono.
Ya tatu hatukuwa nayo, mimi wala yeye. Midomo ilicheza tu. Tuliangalia mpaka mwisho.

Ukirudi hapa, bibi, usianze na choroko wala mgongo. Andika sehemu ya kwanza yote, neno kwa neno. Na kikohozi, mahali pake.