Gunia na Debe

Jumanne, baada ya isha

Leo hata uongo umenishinda. Mimi niliyewaambia watu wa Garsen kwamba nilipanda farasi mpaka akaomba maji kwa Kiswahili, nimeshushwa na punda.

Alipiga magoti pale sokoni Minjila, mimi mgongoni, mbele ya mizani ya mahindi. Hawa, dada wa marehemu mke wangu, akacheka: "Shemeji, hebu panda na wewe tukupime!"

Nikapanda kwa maringo. Gunia na debe. Na kila mtu hapa anajua punda mzee hapakiwi zaidi ya nusu gunia.

Nilipomvua tandiko, nikaona kidonda kibichi. Hawa hakucheka tena.

Punda ni wa marehemu. Tukihama na ng'ombe, alimpakia mikeka ya kuezekea nyumba, yeye mwenyewe akatembea kando, mkono shingoni mwake. Katika vyote alivyoniachia, huyu tu ndiye anayepumua.

Nimerudi kwa miguu nikimwongoza. Tulipofika pale marehemu alipozoea kumpumzisha, akasimama mwenyewe, akageuza masikio nyuma kama anayemsubiri mtu.

Nikasimama naye. Sikuwa na hadithi ya kumwambia.