Mamba wa Ambakisye

Jumapili

Eti kadi yake irudi! Tunacheza kadi, Shemeji Ambakisye kamtuma mamba wake, kadi yake kali, anishambulie. Sheria iko wazi: kabla mamba hajapigana, mwenye mamba lazima atupe kadi moja. Akatupa. Nikamzuia mamba kwa ngao. Bingwa akainama mezani kuichukua ile kadi aliyoitupa, "maana sijakuumiza."

Nikamuuliza, "Ukipeleka mchele msibani, ukaondoka kabla haujaiva, unaudai?"

Akaiacha ile, akakusanya kadi zake nyingine zote. Akasema, "Ndaga fijo," kwa sauti ya mtu asiyeshukuru chochote, akaita bodaboda.

Hongera kwangu. Kyela nzima tuliokuwa tunaujua mchezo huu ni wawili. Sasa nimebaki na ngao yangu, na sheria nazijua vizuri kweli.

Sijui kesho nimpigie simu, au...

Kadi yake bado iko mezani.