Nani Anaangusha Wifi ya Auma

Jumatatu, 2 Juni 2025

Auma amenikanya. Ati, "Mama, maneno ya hawa watu wa wifi ikitoka nje, nitajua imetoka kwa mdomo yako." Mimi! Haya. Sitasema. Nitaandika, maana nikikaa nayo kwa tumbo nitapasuka.

Iko hivi. Msichana wangu anauzia watu wifi hapa Kimbo, Ruiru. Kastoma wake wengi wako kwa ile ploti kubwa ya Warigia. Sasa ikifika jioni, watu wakitoka kazi — wifi inakufa. Waya iko sawa. Mashine inawaka taa zake zote kama Krismasi. Lakini hakuna kitu inafunguka.

Leo Warigia mwenyewe amekuja kwa kibanda yangu ya mboga. Akashika sukuma, akairudisha. Nikajua ni maneno. Akasema wapangaji wanampigia kelele, na wifi isipokaa sawa mpaka mwisho wa mwezi atang'oa waya za Auma aite mtu mwingine.

Mtu gani?

Ati wako wengi. Ati hata kuna mmoja amekuja akamwongelesha vizuri sana.

Vizuri! Nani huyo? Akakataa kusema. Akaenda bila sukuma.

Ploti ya Warigia ikienda, Auma amekwisha. Na kuna mtu anaingoja iende. Mimi nasikia harufu yake.

Jumatano, 4 Juni

Woi! Leo nimeona mambo.

Wenye wifi kutoka hapa Ruiru mpaka Thika walikuja kwa nyumba. Wanakutana hapa kwa sababu ya chapati zangu, wasidanganye mtu. Wanaandika sheria za vile netiweki zao zitakuwa zinapitishiana mizigo ya internet. Karani ni shem wangu Obiero, ndugu ya marehemu mzee wangu. Ana wifi yake mtaa wa Kahawa Sukari, anauzia wanafunzi. Mtu mzuri! Hawezi kupita kwangu bila stori mpya. Halafu kuna mmoja wa Kamenu, huko Thika, anaitwa Wanyoike. Mrefu. Haongei. Anakunywa chai bila sukari. Mtu mzima ananyima chai sukari — huyo anaficha nini?

Sasa niko jikoni, nasikia sauti. Mmmmmmmm. Kama nyuki kwa paa. Nikachungulia. Wote wameketi, wamefunga midomo, wananguruma! Watu wazima! Nikasema leo Auma ameingia kwa dini ya shetani na nimepikia shetani chapati.

Walipoenda nikamshika. Akacheka mpaka akaketi chini. Ati ni hivyo wakubwa wa internet huko majuu hukubaliana. Hawainui mkono. Mtu anasoma sheria, mwenye ameipenda ananguruma. Mngurumo ikiwa kubwa, imepita.

Basi nikamwambia kile nimeona. Kwa ile sheria ya mwisho, Obiero hakunguruma. Auma akasema labda alikuwa anaandika. Kweli. Mtu hawezi kuandika na kunguruma.

Nikamuuliza hiyo sheria ya mwisho ni ya nini. Akanieleza polepole, kama mtoto. Kila netiweki inaambia jirani yake: watu wa namba hizi wako kwangu, leta mizigo yao hapa. Jirani anaamini. Anaambia jirani yake mwingine, mpaka kote kunajulikana.

Na mmoja akidanganya?

Mizigo inaenda kwake, inapotelea huko.

Na hakuna mtu anamuuliza?

"Ndio hiyo sheria, Mama. Ukileta neno, useme umelitoa kwa nani, na yeye alilitoa kwa nani, mpaka tufike kwa mwenyewe."

Nikacheka! Nikamwambia hiyo sheria ikifika salon ya Wamboi, tutakaa tukiangaliana tu.

Yeye hakucheka. Akasema kila jioni kuna mtu anatangaza kuwa watu wa Kimbo wako kwake. Watu wake yeye, Auma! Ndio maana wanapotea. Bado hajui ni nani, maana neno likimfikia limeshapita mikono mingi na hakuna mtu ameweka jina.

Mimi nawaza chai bila sukari.

Ijumaa, 6 Juni

Nilijua! Nilijua!

Obiero alipita kwa kibanda. Akachukua ndizi, akamenya, akaangalia huku na huku. "Shem, mimi sisemi kitu. Lakini huyo Wanyoike… nyinyi mwangalieni tu."

Nikamwambia sema yote. Akasema hawezi, yeye ni karani, karani hana upande. Ati nisimtaje.

Sasa mtu mwenye heshima akikwambia hasemi kitu, si amesema?

Nilipita kwa Wamboi anisuke nywele. Sikuwa na nia. Lakini aliuliza, "Mama Auma, mbona uso yako imefura hivyo?" na mkono yake iko kwa kichwa yangu, nitakimbilia wapi? Nikamwambia kidogo tu. Kwamba kuna kijana wa Kamenu anaiba watu wa Auma kwa hewa. Sikutaja shem. Mimi si mtu mbaya.

"Ngai! Wanyoike? Yule wa karibu na dada yangu Wanja?"

Kumbe anamjua.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani Wamboi amenikonyeza kutoka kwa kwaya. Wakati wa sadaka!

Jioni wifi ikakufa tena. Auma alikaa kwa ngazi na laptop kwa magoti, simu inalia, hashiki. Nikamletea uji. Akasema, "Mama, wakinitoa kwa hiyo ploti nitarudi kutafuta kazi ya kiwanda." Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Nikamwambia mwizi atajulikana hivi karibuni. Akaniangalia vibaya. "Mwizi gani?"

Nikasema uji inapoa.

Jumanne, 10 Juni

Balaa.

Wanyoike amempigia Auma. Ati huko Kamenu anaitwa mwizi. Mwenye duka amemwambia mbele ya watu. Fundi wa viatu pia. Amesema hatatia saini hizo sheria, na Jumamosi anakata waya yake na ya Auma. Na kumbe — hii sikuambiwa! — wifi yote ya Auma inaingilia kwa Wanyoike. Akikata, haitakuwa jioni tu. Itakuwa mchana, usiku, yote. Warigia hatangoja mwisho wa mwezi.

Auma hakuniuliza. Alisimama tu hapo kwa mlango wa jikoni akinitazama nikichambua omena ambayo ilikuwa imeshachambuliwa.

Nikasema, "Watu wanapenda kuongea."

Akasema, "Ndio, Mama."

Alhamisi, 12 Juni

Nilimfuata Warigia mwenyewe mpaka kwake. Nimebeba sukuma, nyanya, dhania, zote za bure. Nikamwomba ampe Auma nafasi kidogo.

Akapokea. Akasema mimi ni mtu mzuri na Auma ni mtoto mzuri, lakini tusiwe na wasiwasi, maana hata wifi ikihama haitatoka kwa familia.

Nikamuuliza vipi haitatoka.

"Si huyo mwenye alikuja kuniongelesha ni wa kwenu? Alisema mzee wako alikuwa ndugu yake."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Nikaongea mambo ya mvua. Nikatoka nikasahau kikapu.

Nimepigia Obiero. Hashiki. Obiero hajawahi kukosa kushika simu yangu.

Labda alitaka kumsaidia Auma. Labda alisema yeye aishike hiyo ploti kabla mtu mbaya hajaishika. Inaweza kuwa hivyo.

Huyu ndiye alisimama na mimi wakati tunamzika mzee. Watu walitaka kunitoa kwa nyumba, yeye akakataa.

Hakunguruma.

Jumamosi, 14 Juni

Niko jikoni. Wao wako sitting room. Nimesema naangalia chai.

Walikuja wote, hata Wanyoike. Obiero pia, na kalamu yake. Alinisalimia vizuri, "Shem, habari ya siku nyingi," na siku si nyingi hata.

Hawakusoma sheria. Wanyoike alisimama. Sauti ya chini, nikalazimika kuacha mlango wazi. Akasema ameamua kulifuata hilo neno la wizi nyuma, mtu kwa mtu. Mwenye duka alilitoa kwa Wanja. Wanja kwa dada yake Wamboi. Wamboi…

Akanigeukia. Nilikuwa nimeshika sahani.

"Mama, sijakuja na hasira. Wamboi amesema ni wewe. Mimi najua si wewe ulilianzisha. Uniambie tu ulilitoa kwa nani, na hiyo waya sitaikata."

Obiero akasema haraka, "Aah, Wanyoike, tuache mama apumzike. Mambo ya wanawake wa salon."

Auma akasema, "Hapana, Uncle. Wacha ajibu."

Ndio nikasema chai inachemka.

Haichemki. Sijawasha gesi.

Nikimtaja, nimevunja nyumba ya mzee wangu mbele ya wageni, na sina jina la kurudi nalo kwa ukoo wake. Nisipomtaja, Wanyoike anashuka ngazi anakata waya, Auma anapoteza Warigia jioni hii hii. Na naweza kudanganya, niseme nilisikia tu njiani — lakini Auma atajua. Ananijua.

Obiero ameita kutoka huko, "Shem, kwani chai imepotelea wapi?" Akacheka. Amecheka peke yake.

Nasikia kiti ya Auma ikisogea. Maisha yangu yote watu wameniambia, "Nakhumicha, nyamaza," na leo wameketi hapo wananingoja niongee.