Joto ya nyumba ya kwetu

Butembo, siku ya yenga, siku ya misa. Mvua ndogo tangu asubui, baridi ya kuuma masikio.

Mu Butembo yote hakuna fundi wa kunifikia. Baridi ya Masereka ikisikia jina langu, inageuka inarudi kwao mu milima. Masomo niliacha katikati ya sekondari, lakini professeur mwenye alinifukuza mu classe njo alinipigia simu juzi: "Fundi, kuja na kwangu." Fundi! Nilimujibu nitaona kama niko na nafasi. Nafasi nilikuwa nayo mingi, lakini mutu mukubwa anangojewa.

Kazi yetu iko hivi. Kuko association inasaidia familia kutengeneza manyumba ili zisikule makala mingi ya kuwasha moto. Tunatafuta fasi joto inatokea inje, tunaziba nyufa na udongo tuliochanganya na unga wa mbao, tunatia plafo, ile dari ya ndani, chini ya manjanja ya paa, tunajenga jiko ya udongo. Familia inatoa udongo na mikono, association inatoa ingine yote.

Sheria iko moja. Chef wetu, Papa Muhindo, anaiimba kila asubui sawa katekisimu: juu ya dirisha mutaacha shimo, sababu batu ba huku banaingiza mbabula, ile jiko ndogo ya makala, mu chumba, na makala ikiwaka mu nyumba yenye imefungwa inaua.

Wiki hii ilikuwa zamu ya kwetu.

Yaya yangu Masika, dada yangu mukubwa, alitoka Beni kuja kuzalia kwa Mama. Beni kuko joto. Huku alitetemeka sawa kuku ya mvua, lakini ulimi yake haikupoa. "Ee fundi mukubwa, unapasha manyumba ya batu, ya mama yako iko frigo?" Hata Mama alicheka. Nilimuambia: "Yaya, ngoja kidogo. Utalala huku ukizani uko Beni."

Tulimaliza nyumba, kiisha akazaa mutoto mwanaume. Kwetu muzazi hapana kulala na baridi: mbabula inakaa karibu na kitanda yake mupaka siku atatoka nje. Mama akaingiza mbabula. Bamama bote ba huku banafanya vile, hata miye sikumukataza.

Jana muchana nilirudi kula. Nikaita, hakuna mwenye alijibu. Chumba ilikuwa na joto nzuri, nikajisifu kidogo mulangoni.

Nilijisifu!

Kiisha nikaona Yaya, mudomo wazi, mikono imelegea. Mutoto pembeni, kimya. Mutoto wa siku chache hapana kunyamaza vile.

Nilibeba mutoto ndani ya koti yangu nikatoka napiga makelele. Mama, mwenye alikuwa anafua nyuma ya nyumba, alikuja na povu ya sabuni ku mikono, akamukokota Yaya inje. Pikipiki ya kwanza ilitupita. Ya pili ilisimama.

Mutoto alilia tulipofika ku mulango ya hopitali. Yaya njo bado. Leo amefungua macho, ananiangalia, lakini jina yangu hajaita. Dokta anasema tungoje.

Papa Muhindo alipita nyumbani, akakuta shimo imezibwa. Alipofika ku hopitali akauliza nani alifanya vile. Shemeki, bwana ya Yaya, alikuwa amefika kutoka Beni, matope mupaka ku nyusi. Bote bawili banamuangalia Mama.

"Ni miye," Mama akasema. "Nilisikia baridi."

"Mama, tulikufundisha," chef akasema, anatingisha kichwa.

Shemeki hakutingisha kichwa. "Unataka kuniulia muke na mutoto?" Na maneno ingine, mbele ya bagonjwa, yenye sitaandika hapa. Mama alikuwa anasema tu: "Unisamehe, mutoto wangu. Unisamehe."

Miye nilikuwa nimesimama pale. Mimi, mwenye mudomo.

Mama hakugusa ile shimo. Nilipanda miye, mbele Yaya azae, nikasukumia gunia ndani, nikapaka udongo laini juu ili isionekane, sababu sikutaka Yaya anicheke tena. Mama alikuwa ananishikia ngazi. Aliniuliza: "Chef hakukataza?" Nilimujibu chef hajui baridi ya kwetu.

Shimo niliziba miye. Na leo nimeacha Mama atukanwe, sikusema kitu.