Mifupa ya Mama Mzazi

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Hapa mtaani Fedha jua halijachungulia siku ya tatu sasa. Nguo nilizofua katikati ya wiki bado ziko kwenye kamba, mbichi, na nimechoka kuzigusa. Nimekaa kwenye kochi na sweta mbili, leso nimeifunga tumboni. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitaanza kuongea na sufuria.

Nyinyi mnaopita hapa kwenye blogu, kama mpo, nimewaandikia habari za mwenye nyumba, za mifereji kukauka, za ofisini. Hili moja nimeliruka kila mara.

Nina uvimbe kwenye kizazi. Fibroids, kama wanavyouita hospitalini. Tumbo langu ni la mimba ya miezi mitano na ndani hamna mtoto.

Nimelijua hili kwa zaidi ya mwaka. Siku zangu zikifika sikai kwenye kiti cha mtu. Mimi ni karani katika ghala la vipuri, na nina sketi nyeusi za kutosha kuhudhuria matanga ya kata nzima. Jumapili nyingine siendi kanisani, nasema nina mafua, na akina mama wa jumuiya wamenifundisha dawa zote za mafua zilizopo duniani.

Hao hao ndio walionifanya nifiche. Siku moja baada ya ibada niliwasikia wakimsema dada fulani aliyetoka kupasuliwa kwa ajili ya uvimbe kama wangu. Mmoja akasema hayo huwapata wanawake wanaochagua wanaume mpaka wakati unawapita. Mwingine akasema labda kuna alichokitoa akiwa msichana. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika chupa ya chai. Nilimmiminia kila mmoja kikombe chake, nikatabasamu, nikaenda kusuuza vyombo.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Sijui walikuwa wakimsema nani, lakini wamenipata mimi.

Nilianza na miti. Mama mmoja anayeuza dawa za kienyeji kule Mowlem alinipa magome na mizizi, akaniambia nisivichemshe kwa maji matupu, nivitie kwenye supu ya mifupa, vile sisi watu wa Murang'a tumefanya tangu zamani. Supu hiyo ni chungu mpaka masikio yanasikia. Jirani wa mlango wa pili alinigongea kuuliza kama napika ngozi. Nikamwambia ni supu ya kichwa, na tangu hapo ananiangalia kwa huruma.

Baadaye nikaongeza sindano za Kichina. Daktari Moraa ana chumba juu ya maduka huko Buruburu. Alisomea kazi hiyo Uchina na mkono wake ni mwepesi. Ananichoma sindano nyembamba tumboni na miguuni, hazina dawa yoyote ndani, kisha anavuta pazia na kuniacha nimelala bila kusonga. Sitasema uongo, maumivu yalipungua. Kuna miezi niliweza kusimama wima siku nzima. Damu ndiyo haikupungua, na hilo sikumwambia. Kila aliponiuliza nilisema afadhali.

Alhamisi nilianguka kazini. Nilikuwa napanda ngazi za ghala nikaona giza, na nilipofumbua macho wenzangu walikuwa wananipepea kwa katoni.

Hospitalini wakanipima damu na kunipiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa kijana mpole, alisema polepole, tena mara mbili. Uvimbe umekua. Damu imebaki kidogo. Wataniongezea damu kisha wanipasue, na haifai kungoja. Watajaribu kutoa uvimbe waache kizazi, lakini damu ikikataa kusimama watatoa vyote. Nilete watu watatu wa kuchangia damu, na mtu wangu wa karibu wa kuwa nami siku hiyo.

Watu watatu.

Nilikaa kwenye benchi nje nikapitia majina kwenye simu. Fundi wa mabomba. Wa gesi. Mwekahazina wa chama. Yule mwanamume niliyekuwa naye bado yumo. Alihamishiwa Nakuru kikazi, kisha akahama kabisa. Simu imejaa watu na sikumpata hata mmoja ambaye ningempigia nimwambie, naomba damu yako.

Mama yangu nilimruka makusudi. Hapo lazima nieleze, maana ndipo penye kidonda.

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Kwetu jina halipotei, mtoto huitwa jina la babu au nyanya yake, na mwanamke asiyeolewa huyatoa majina upande wa kwao. Kwa hiyo msichana wangu wa kwanza angeitwa Wanjiru, kama mama. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumzalia mtoto wa kuitwa jina lake. Nikitolewa kizazi, mama anaishia kwake mwenyewe, na wanawake wa rika lake wameshaitwa mara tatu, mara nne. Zamani aliniuliza sana. Siku hizi haulizi kabisa, na kunyamaza kwake kunaniuma kuliko maswali.

Kisu sikiogopi sana. Naogopa kuamka na kuambiwa.

Basi leo asubuhi nikaibeba picha ya tumbo mpaka Buruburu, nikitumaini Daktari Moraa ataniambia hao wa hospitali wana haraka. Alisoma akiwa amesimama. Akanivuta kope ya chini akatazama ndani, akaangalia kucha zangu, akaketi.

"Leo sikuchomi," akasema. "Sindano zangu zimekupunguzia maumivu, na wewe ukanificha damu. Sasa zitakuchelewesha. Rudi kwa hao watu wakupasue."

Nilimwomba basi aniache tu nilale pale kitandani ule muda ambao huwa nalala. Nilijisikia mjinga kuomba. Hakucheka. Akanifunika blanketi, akavuta pazia, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kwa muda kabla ya kutoka.

Hapo nikalia. Nililala nimetazama dari nikaelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa. Wiki nyingi, mkono wa Daktari Moraa ndio mkono pekee unaonigusa. Huenda nusu ya ile nafuu ilikuwa hiyo.

Nikatoka nikaenda Soko la Burma kwa mazoea, kama kila Jumamosi. Ungeniuliza mifupa ni ya nini sasa ningeshindwa kujibu. Mwenye bucha ni mzee wa makamo, mchangamfu, anaitwa Kariuki. Kwa miezi hii yote amekuwa akinichagulia mifupa ya magoti yenye uboho, akisisitiza niinywe supu ikiwa moto, na mimi nikadhani ni ukarimu wa biashara. Leo alikuwa anakata mifupa huku akinitazama usoni.

"Mama, umekauka sana. Huyo mtoto ananyonya vibaya?" akaniuliza. "Na hata sijawahi kuuliza. Jina lilitoka upande gani, wa bwana ama wenu?"

Ndipo nikafahamu. Mwanamke wa kwetu mwenye tumbo la kuinuka, anayenunua mifupa ya supu kila wiki, kisha siku moja anavaa sweta pana tumbo lisionekane, ni nini kama si mama aliyejifungua? Mzee wa watu alikuwa amenihesabia miezi, akanizalisha, akaanza kunilisha. Hakuuliza kama nina mtoto. Aliuliza jina limetoka kwa nani, vile anavyoulizwa mama yeyote.

Ningemwambia ukweli. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Wanjiru," nikasema. "Upande wetu."

Akafurahi kama mtoto ni wake. "Basi shosho, nyanya yake, amezaliwa tena. Hongera, mama." Akaongeza mfupa mkubwa juu, akasema huo ni wa Wanjiru na hataki kusikia habari ya kuulipia.

Nilitoka pale na mfuko wangu nikitembea haraka kuliko nguvu nilizonazo. Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nakumbuka tu kwamba kwa dakika chache, kati ya bucha na barabara, nilikuwa na binti. Nilijua hata kwamba ana pua ya mama. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofika niliweka mifupa kwenye sinki nikampigia mama kabla sijajionea haya.

Alianza na hali ya hewa, kama kawaida yake. Huko kwao ukungu, chai inachelewa kuchipua. Nikamkatiza. Nilimweleza yote kwa mkupuo, kuanzia uvimbe, miti, sindano, kuanguka kazini, mpaka watu watatu wa damu. Nikamweleza hata ya mwenye bucha. Nilipomaliza nikasikia kuku wake kwenye simu.

"Mama," nikasema, "huenda hakutakuwa na Wanjiru mwingine."

Akashusha pumzi.

"Wanjiru ni mimi," akasema kwa Kikuyu. "Jina langu bado nalitumia. Nilikuomba mtoto, sikukuomba ufe ukimtafuta."

Yeye akaendelea, sasa kwa sauti yake ile ya kupanga kazi. Jumatatu anakuja na gari la kwanza. Watoto wa mjomba wawili atawaleta, wamekaa tu hapo wanashiba, watoe damu. Wa tatu ni yeye, na wakisema amezeeka wamwonyeshe walipoandika hivyo. Akaniuliza mbona nimebeba mzigo huu peke yangu kama mtu asiye na kwao. Nikasema sijui. Hakunikaripia.

Mwisho akauliza, "Huo mfupa alioutoa huyo mzee ni wa nani?"

Nikamwambia ulitolewa kwa Wanjiru.

"Basi ni wangu. Usiutie miti yako. Upike na viazi, nakuja kuula."

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma, na likiuma huwa halifanyi mzaha. Kisha nikalia tena, lakini si kilio kile cha asubuhi.

Sasa jioni inaingia. Mifupa iko jikoni. Watoto wa ploti wanapiga kelele kwenye ngazi na jirani wa mlango wa pili anakaanga vitunguu. Hakuna lililobadilika tumboni mwangu. Bado naogopa, tena sana, na sijui nitaamka na nini wiki ijayo. Jumamosi moja nikipona itabidi nimwambie Mzee Kariuki ukweli, na sijui nitaanzia wapi. Huenda mama akamwambia kabla yangu, maana ameshaniuliza bucha iko wapi.

Nimebadilisha shuka kwa ajili ya mama. Nyumba hii ina kitanda kimoja, na tangu yule wa Nakuru aondoke nimekuwa nikilala katikati, mikono nimeitandaza kila upande. Leo nimeusukuma mto mpaka ukutani. Nataka kuona kama bado najua kumwachia mtu nafasi.