Pumzi ya Mtoto wa Ayuma

Kakamega,
11 Februari 2024

Kwa Baba,

Mulembe Baba. Natumaini mgongo umetulia na Mama hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nampa jirani yetu Wendy akitoka sokoni huku, kwa kuwa simu haikufai tangu masikio yaache kusikia, na maandishi ya simu unasema ni kama siafu.

Hapa hospitalini wamenipanga kwenye wadi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Baba, sikujua binadamu anaweza kuwa mdogo hivi. Kuna mama mmoja wa Lurambi anayeitwa Ayuma, amejifungua binti. Mtoto ana gramu mia tisa na themanini. Mkono wake wote unatosha ncha ya kidole changu, na akishika, anashika kwelikweli. Kila asubuhi nakuta bado anapumua, na kila asubuhi nashangaa upya.

Shida ni Sista Maximilla, ambaye ndiye aliyepewa kunifundisha. Ana miaka ishirini na sita kazini. Nikimuuliza jambo ananijibu, "Kwani chuoni mlikuwa mnakula tu?" Juzi alininyang'anya faili mbele ya akina mama, akaniamuru nisimame ukutani, "uone vile manesi hufanyanga." Nilisimama saa tatu nzima. Ayuma alinitazama, kisha akainamisha uso. Nafikiria kurudi nyumbani.

Mwanao,
Awinja


Malava,
15 Februari 2024

Awinja, mama yangu,

Mulembe. Barua imefika. Sisi tuko salama, mama yako yuko kwenye miwa, anapalilia. Mgongo unaniruhusu kukaa, kulala bado.

Pole kwa hayo. Lakini usirudi. Nyamaza ufanye kazi. Kiwandani msimamizi alinitukana miaka yote na bado mlisoma. Mkubwa hajibiwi. Atachoka mwenyewe.

Nilimuuliza mama yako gramu mia tisa na themanini ni kiasi gani. Akaniwekea mkononi pakiti ya sukari ya kilo, akasema, "Hata haifiki hii." Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Mtu mzima, mwenye moyo na figo. Mwambie Ayuma tunamwombea.

Baba yako,
Elkanah Shikanga


Kakamega,
9 Machi 2024

Baba,

Mulembe. Habari za hapo, na mgongo? Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilifanya ulivyosema, nikanyamaza. Niliacha kuuliza maswali kabisa. Wiki jana, kwa kuogopa kuuliza, nilikaribia kumpa mtoto maziwa mara mbili ya kipimo. Kipyegon, nesi mwenzangu, ndiye aliyenishika mkono. Siku hiyo nililia chooni, na sikulia kwa sababu ya matusi.

Sasa nikwambie ya Jumanne. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sista Maximilla alikuwa amenisimamisha katikati ya wadi, ananifokea kwa sababu ya shuka. Nyuma ya bega lake nikamwona mtoto wa Ayuma. Midomo ilikuwa inageuka bluu na kifua kimetulia. Nikampita Sista akiwa bado anaongea.

Nilimsugua mgongo, nikamsugua nyayo. Hakuna kitu. Nikachukua kifuko cha kupulizia hewa, nikaweka barakoa usoni pake, nikaminya. Kifua hakikuinuka. Ayuma alikuwa amesimama hapo, amejiziba mdomo kwa leso. Ndipo mkono wa Sista ukaja kutoka pembeni, ukakisogeza kichwa kidogo tu, kama mtu anayenyoosha picha ukutani. Akasema polepole, "Kidevu. Sasa minya."

Nikaminya, kikainuka. Baba, niliuona uhai ukirudi. Ulianzia midomoni, ukapita mashavuni, ukashuka hadi vidole vya miguu, rangi ya waridi. Halafu mtoto akakunja uso na kulia kilio chembamba kama cha paka. Nimesoma miaka mitatu kuhusu mapafu, na hakuna kitabu kilichoniandaa kwa hilo.

Baadaye nilimfuata Sista kwenye sinki. Nikamwambia, "Sista, leo umenifundisha kwa maneno matatu, na sitayasahau. Nikikosea niambie hivyo. Usinitukane mbele ya akina mama." Alifunga bomba, akaondoka. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Naogopa ripoti atakayoniandikia.

Mwanao,
Awinja


Malava,
13 Machi 2024

Awinja,

Mulembe, mama. Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti. Anasema nilikuwa napiga kelele.

Nilikukosea. Nilikuambia unyamaze kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Sijawahi kukueleza hili. Mwaka wa pili kiwandani, kando ya mashine, masikio yalianza kulia. Tulijua kuna vya kuziba masikio, vimefungiwa stoo. Mwenzangu mmoja aliomba, msimamizi akamcheka. Mimi sikuomba. Nilikaa kimya miaka ishirini. Mwenzangu yule aliendelea kuomba mpaka akapewa, na mpaka leo anasikia mvua.

Nenda kwa mkubwa wa manesi. Usiende peke yako, nenda na huyo Kipyegon. Sema yaliyotendeka, pamoja na kosa lako la maziwa. Halafu niandikie haraka.

Baba yako,
Elkanah


Kakamega,
27 Machi 2024

Baba,

Mulembe. Mko salama?

Tulienda. Mkubwa wetu alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kunihamishia wadi nyingine, nikamwambia siwaachi watoto, anibadilishie mwalimu. Kipyegon ndiye ananifundisha sasa. Sista Maximilla alionywa kwa barua. Hajaniomba radhi na sidhani ataniomba. Bado ananipita kama ukuta. Lakini mikono yake ikigusa mtoto, naacha kazi yangu kidogo na kuitazama. Sijui mikono hiyo na ulimi ule vinakaaje kwa mtu mmoja.

Mtoto wa Ayuma sasa ana kilo moja na nusu. Anafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Njoo utuone. Kuna dirisha la vioo.

Awinja wako


Malava,
20 Aprili 2024

Awinja, mama yangu,

Mulembe. Nimefika nyumbani salama kutoka huko kwako. Mama yako alinichinjia kuku, ingokho yenyewe, kama mgeni, akataka nimsimulie yote, na nilishindwa.

Nilikaa dirishani kabla hujaniona. Ulikuwa umeinama juu ya mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, na hukugeuka hata mara moja. Nilitazama tumbo lake likipanda na kushuka. Nikajikuta nahesabu pumzi zake, na kati ya moja na nyingine naacha kupumua mimi. Nilivua kofia. Sijui ni kwa nini, mikono ilifanya yenyewe.

Wazee hapa huniuliza unafanyanga kazi gani mjini. Nilikuwa najibu tu, nesi. Jana Masinde, mmoja wao, aliniuliza tena, nikafungua mdomo nikaona neno hilo halitoshi. Nikamwambia aketi, nimwambie yote polepole.

Baba yako,
Elkanah Shikanga