Neno la Meneja Siku Ulipoumia

Mpendwa Baba Kemunto,

Nakuandikia juu ya neno moja la Kiingereza, kwa sababu ndilo tulilolingoja pamoja, mimi na wewe.

Unakumbuka mvua ya asubuhi ile. Mashine ya kusokota majani ya chai ilikuwa imekuvuta mkono mpaka begani, na dresa, mhudumu wa zahanati ya shamba, alikuwa amekufunga jeraha kwa shuka letu. Tulikulaza barazani pa kiwanda. Jirani yetu Kiprono akaja na trekta, akasema, "Tumpeleke hospitali Kericho sasa. Nitaenda polepole." Meneja, yule Mwingereza, akatoka ofisini, akasema maneno machache, akarudi ndani. Ukaniuliza, "Amesema nini?" Nikamtazama karani wa kiwanda, aliyejua Kiingereza.

"Amesema lori linakuja *presently*," karani akajibu. "Yaani sasa hivi."

Ukasema tungoje, lori lina turubai la kuzuia mvua. Kiprono akaondoka. Lori lilifika jioni, lilipomaliza kukusanya majani mashambani. Ulikata roho kabla hatujaona mji, kichwa chako mapajani mwangu.

Nyumba ya shamba ilichukuliwa. Nikahamia Merigi na watoto, nikauza mboga. Miaka yote hiyo, nikimwona karani sokoni, niligeuza uso. Nilijua alitudanganya.

Sasa Kemunto wetu anasomea ualimu. Alipokuja likizo nilimuuliza neno lile. Akaniambia limetokana na neno la kuwepo hapa, na zamani Waingereza walilitumia kwa maana ya papo hapo. Lakini watu wakiahidi papo hapo huchelewa, na neno likachelewa nao. Siku hizi kwa Mwingereza ni baadaye kidogo. Wamarekani wao bado husema ni sasa.

Jumamosi nilimwita karani, nikamweleza. Aliketi juu ya gunia la viazi.

"Mama Kemunto," akasema, "mimi Kiingereza nilifundishwa na mmisionari Mmarekani."

Nilimpa mkono. Meneja alisharudi kwao, na pengine hajui lolote. Nilidhani nikishajua ukweli nitapata nafuu. Lakini ile chuki ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi kwenda sokoni. Imenitoka, na mahali pake hapajaingia kitu. Ni wewe tu usiyekuwepo.

Pumzika, mume wangu. Huku nitaendelea kuwalea wadogo.

Mkeo,
Mama Kemunto